Vitabu vya kusoma nyumbani: jibu kwa Mama Zuhura wa Makorora

Swali: Naishi Makorora, Tanga, nina watoto watatu. Zuhura ana miaka tisa, yuko la tatu katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Idi ana sita na nusu, kaanza la kwanza shule ya serikali maana ada ya wawili ilitushinda. Rehema ana mitatu. Mwaka jana nilinunua kwa mchuuzi, stendi ya Kange, seti ya vitabu vinane vya picha za kung'aa. Hakuna hata kimoja kilichoshikwa mara mbili. Sasa nimetenga elfu arobaini na sitaki kuzitupa tena. Baba yao anasema waanze na Shaaban Robert, mtu wa kwetu. Kaka yangu anasema hadithi za wanyama wanaosema ni uongo, ninunue zenye mafunzo tu. Mama mkwe, tunayekaa naye, hakusoma. Tunachotaka ni kusoma pamoja jioni badala ya kila mtu kuinamia simu. Ninunue vitabu gani?

Jibu: Mama Zuhura, nunua vitabu vitatu, si vinane. Vyote viwe vya Kiswahili. Na kabla hujatoa hela, kila kimoja kisome kurasa mbili kwa sauti hapohapo dukani. Ukimwonea haya muuzaji, nong'ona, lakini midomo ifanye kazi. Hilo ndilo jibu. Yanayofuata ni sababu zake, pamoja na maneno mawili matatu kwa mumeo na kaka yako, maana naona kila mmoja ana lake.

Kitabu cha kusomwa nyumbani kina wasomaji wawili kwa wakati mmoja: mtoto anayesikiliza na mtu mzima anayetoa sauti. Wengi wetu tukiingia dukani tunamfikiria mmoja tu. Tunaangalia picha, rangi, umri ulioandikwa nyuma ya jalada, tunasahau kwamba Rehema akikipenda kitabu atakitaka kesho, keshokutwa na mwezi ujao, na atakayekisoma ni wewe, umeshaosha vyombo na miguu inauma. Kitabu kikikuchosha mara ya tatu, utaanza kuruka mistari. Mtoto wa miaka mitatu anasamehe mengi ila hilo hasamehi. Atakurudisha ukurasa uleule akuoneshe ulipokosea. Halafu siku moja utasema umechoka, kesho yake vilevile, na kitabu ndiyo basi tena. Nadhani vile vinane vya Kange vilikufa kifo hicho, wala si kwamba watoto wako hawapendi kusoma.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni kama wewe, mtu mzima, utakubali kukisoma mara ya kumi. Hilo halijulikani kwa kutazama. Lazima usikie. Chukua mfano huu, nimeutunga mwenyewe lakini unafanana na mingi iliyonipitia mikononi: “Ilikuwa ni siku nzuri yenye jua na sungura mdogo alikuwa anajisikia mwenye furaha kubwa kuhusu safari yake ya kwenda kumtembelea rafiki yake kipenzi.” Tahajia haina kosa. Ila isome kwa sauti. Pumzi inakata kabla hujafika kwa huyo rafiki, na njiani hapana mahali mtoto angedakia neno. (Tena sijui ni nani Tanga, mwezi wa pili, saa saba mchana, anayeita jua lile siku nzuri.) Sasa soma huu: “Sungura akaamka. Akanyoosha sikio moja. Akanyoosha la pili. Akasema, leo ndiyo leo, kwa fisi nitafika.” Idi atauliza kwa fisi anafuata nini. Rehema atashika masikio yake.

Ngano zetu zinatembea kwa hiyo “ka”: akaenda, akamkuta, akamwambia. Kila “ka” ni hatua moja ya mambo, na baina ya hatua na hatua msikilizaji ana nafasi yake. Kitabu ambacho ukurasa mzima ni “alikuwa ana” na “ilikuwa ni”, mara nyingi aliyekiandika alikuwa anafikiri kwa lugha nyingine, au kimefasiriwa mbiombio. Sisemi vya kufasiriwa vyote ni vibaya. Vipo vinavyosomeka kana kwamba vimezaliwa huku, na hivyo nunua bila wasiwasi. Kwa Rehema ongeza jambo moja: tafuta mstari unaojirudia. Kitabu chenye kauli fulani inayorudi kila baada ya ukurasa, mtoto wa miaka mitatu anaishika siku ya pili, na siku ya tatu anaisema kabla yako. Hapo naye keshakuwa msomaji kwa kiwango chake, hata kama herufi hazijui.

Kwa Idi nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi za wazazi zinapopotelea. Mtoto wa la kwanza anahitaji vitabu vya aina mbili, na zisichanganywe. Kipo atakachokusomea yeye, na kipo utakachomsomea wewe. Sikio la mtoto liko mbele sana ya jicho lake, na hubaki mbele kwa miaka mingi ya shule ya msingi. Anaelewa hadithi ndefu yenye hila, hasira na vichekesho zamani sana kabla hajaweza kuisoma mwenyewe. Ukimpa vile tu anavyovimudu, atakula “Juma ana bata” mwaka mzima na ataamini kwamba vitabu ndani yake hamna kitu. Shuleni tangu 2015 la kwanza na la pili wamejikita kwenye KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu. Sawa kabisa. Lakini mtoto aliyeshinda na silabi kutwa nzima akirudi nyumbani anastahili hadithi.

Kile atakachokusomea yeye, utajuaje ni chepesi? Usihesabu maneno. Wachapishaji wengine huandika jaladani “maneno kumi kwa ukurasa” kana kwamba maneno yote yana uzito mmoja. Hesabu silabi za kitenzi. “Baba ana jembe. Mama ana ndoo. Paka analala.” Hayo ni maneno manane na mtoto anapita bila kujikwaa. “Hawakumpelekea chakula” ni mawili tu, lakini la kwanza lina silabi nane: ha-wa-ku-m-pe-le-ke-a. Kitenzi chetu kimebeba mtenda, wakati, mtendwa na nyongeza zake zote, na mtoto anayesoma silabi kwa silabi akifika mwisho kashasahau mwanzo. Si mjinga wala hana tatizo la macho. Kibuyu chake cha kumbukumbu ni kidogo bado na wewe umemjazia debe. Tafuta kitabu ambacho vitenzi vyake vingi havizidi silabi nne au tano, na ambacho ng', mbw, nyw, dh na gh hazikurundikwa ukurasa mmoja. Ng'ombe na mbwa wakija kila mmoja kwa zamu yake, wanapokelewa vizuri.

Angalia pia mwisho wa mistari. Vitabu vingine, ili ukingo wa kulia unyooke, hukata neno katikati kwa kistari: “wana-” huku, “kimbia” kule chini. Wewe hata huoni. Kwa Idi neno limekufa. Herufi ziwe kubwa, mistari ipumue, na kila mstari uishie panapoishia neno.

Kipo kipimo wanachokitumia walimu: mtoto asome ukurasa mmoja, kila neno likimshinda akunje kidole, vidole vitano vikiisha, kitabu kigumu. Kinafaa, ila kwa Kiswahili kina tundu. Maandishi yetu yananyooka, herufi inatamkwa ilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto aliyeshika silabi anaweza kukusomea hata taarifa ya benki bila kukunja kidole hata kimoja, na asiambulie lolote. Nimewasikia watoto wakisoma ukurasa kwa ufasaha wa kumfanya mama atoe machozi, ukiwauliza fisi kafanya nini wanakutazama tu. Basi baada ya vidole, funga kitabu useme, “Hebu nisimulie.” Akisimulia kwa maneno yake, hata kwa kuchanganya, kitabu kinamfaa. Akirudia sentensi ya mwisho kama ilivyo, bado. Usigeuze hilo kuwa mtihani wa kila usiku, tafadhali. Dukani mara moja inatosha.

Zuhura na Kiingereza nitapita haraka. Shule inampa Kiingereza kutwa. Nyumbani mpe lugha mnayochekea. Mtoto anayefikiri vizuri kwa lugha moja anahamisha fikra zile kwenda ya pili, na kwa miaka tisa hadithi ya Kiswahili yenye sura kumi itamfundisha kufuata kisa kirefu kuliko vijitabu vya kurasa kumi na sita anavyopewa shuleni. Nyinyi mko karibu na Horohoro, mpakani na Kenya, kwa hiyo vitabu vya Kenya vitawafikia. Vingi ni vizuri. Atakutana na rununu na tarakilishi pale tulipozoea simu ya mkononi na kompyuta, aulize, acheke, aendelee.

Sasa Baba Zuhura. Naelewa fahari yake. Shaaban Robert alizaliwa 1909 Vibambani, huko Machui, pua na mdomo na mji wenu, akafariki 1962, na Tanga ina haki ya kumtaja kila siku. Lakini mtu akiniambia anamwanzishia mtoto wa miaka tisa Kusadikika, nitamzuia mlangoni. Ni kesi ya mtu aliyetaka elimu ya sheria katika nchi isiyoitaka. Ni kitabu cha mawazo, na utamu wake unamngoja mtu aliyekwisha kuonja dhuluma kidogo. Mtoto akilazimishwa sasa, atakichukia, na akifika sekondari atakirudia na kinyongo chake kilekile.

Adili na Nduguze ni habari nyingine. Ile ni hekaya ya kweli, ya safari, majini na husuda ya ndugu. Na ina kitu ambacho mwandishi yeyote wa watoto angekilipia: mtu mwema, liwali anayependwa na watu, kila usiku anachukua kiboko na kuwapiga manyani wawili. Ikibali, aliyetumwa na mfalme kukusanya kodi, anaona kwa macho yake. Kwa nini awapige? Manyani gani hao? Jina la kitabu limeshadokeza, lakini mtoto hatang'amua upesi, na hata aking'amua atataka kujua ilikuwaje.

Ila Kiswahili chake ni kizito, na sentensi zinapangwa kwa mizani ambayo Zuhura peke yake ataiacha ukurasa wa nne. Kwa hiyo kitabu hiki asipewe asome. Asomewe, na asome baba. Asijisikie amefungwa na ukurasa wa kwanza. Aanze na usiku ule wa manyani, awaache watoto na swali, kesho arudi nyuma awaeleze mfalme ni nani na Ikibali katokea wapi. Neno gumu likija asisimame kufundisha. Aseme lenye maana hiyo kwa sauti ileile na kuendelea, kwa mfano “akaghadhibika, akakasirika sana,” kama wafanyavyo watu wanaposimulia. Kurasa tatu nne kwa usiku, basi. Na Rehema awe amelala, maana kiboko ni kiboko. Kitabu hiki msinunue kwanza, kiazimeni. Baba akifika nacho mwisho, ndipo kiingie kwenye hesabu ya mwakani.

Kaka yako namheshimu, kwa sababu wasiwasi wake una mzizi. Mjomba anataka watoto wa dada yake wawe watu. Lakini “vyenye mafunzo” ndiyo lebo iliyotuharibia kabati nzima za vitabu. Mtu anaandika hotuba, anaivalisha Asha na Juma, mwisho anaandika “hadithi hii inatufundisha kwamba”. Jaribu hivi: funika ukurasa wa mwisho kwa kiganja. Hadithi ikiwa bado inasimama, nunua. Ikiwa imeanguka kwa kukosa ile sentensi moja, hiyo ilikuwa hotuba tangu mwanzo, na watoto wananusa hotuba wakiwa mlangoni. Kima wa ngano yetu ya pwani, aliyepanda mgongo wa papa akaambiwa katikati ya bahari kwamba moyo wake unatakiwa kuwa dawa ya sultani, hakufundisha somo lolote waziwazi. Alidanganya kwamba moyo kauacha mtini. Akapona. Ukitafuta maadili ya moja kwa moja humo utayakosa, na bado sijaona mtoto aliyesikia kisa kile akakosa kukaa kimya akawaza.

Na kuhusu uongo wa wanyama kusema: wazee wetu walilimaliza jambo hili kabla hatujazaliwa. Msimulizi akisema “hadithi, hadithi”, baraza linaitika “hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.” Uongo unakaribishwa kwa jina lake, mbele ya watu, watoto wakisikia. Mtoto aliyelelewa na mwitiko huo anajua vizuri kuliko sisi lini tunadanganyana na lini tunasimuliana.

Mahali ambapo ningependa macho makali ya mjomba yafanye kazi ni kwingine. Atazame nani anachekwa ndani ya kitabu. Kuna hadithi ambazo kiwete ni kichekesho, mtu mwenye ualbino ni mzimu, mama wa kambo lazima awe mchawi, msichana wa kazi anapigwa na msimulizi anaona sawa tu. Makorora hiyohiyo kuna watoto wanaolelewa na mama wa kambo wakapendwa, na watasikiliza barazani kwako. Na kuna vitabu ambavyo kila msichana kabeba ndoo na kila mvulana kapata wazo. Kimoja cha namna hiyo hakimuui mtu, ila kama kabati lote ndivyo lilivyo, Zuhura atahesabu.

Mama mkwe umemtaja mwishoni kama mtu wa kuonewa huruma, nami nilitaka kumtaja mwanzo. Mtu asiyejua kusoma ndiye mara nyingi mwenye ngano nyingi, na kama ni Mbondei au Msambaa, au wa popote katika makabila ya mkoa wenu, ana zile ambazo hazijachapwa popote. Mpe kazi mbili. Ya kwanza, vitabu vya picha visivyo na maneno, au hata vyenye maneno, avisome yeye na Rehema kwa kutazama picha. Atatunga kisa chake, kesho atatunga kingine, na Rehema hatalalamika kwamba karuka mstari. Ya pili ina faida zaidi. Usiku mmoja kwa wiki asimulie yeye. Zuhura aandike, kwa Kiswahili, na yale maneno ya kilugha ambayo bibi anayaimba katikati ya ngano ayaache kama yalivyotamkwa. Idi achore. Karatasi nne za A4 ukizikunja katikati na kuzipiga pini kwenye mkunjo unapata kitabu cha kurasa kumi na sita, na ndivyo hasa vilivyotengenezwa vitabu vyembamba vya dukani, ndiyo maana vingi vina kurasa 16, 24 au 32. Gharama yake ni karatasi nne. Mtoto aliyewahi kuamua neno gani liende ukurasa gani anaanza kusoma vitabu vya wengine kwa jicho la fundi.

Halafu kuna watoto ambao hadithi hawazitaki. Idi kama ni wa magari, meli na samaki, usimhesabu kuwa msomaji mbovu. Vitabu vya Kiswahili vya maarifa kwa watoto ni vichache, na hili linaniudhi kuliko kosa lolote la uchapaji. Fikiria Tanga peke yake. Baharini kwenu wanakaa silikanti, samaki ambao wanasayansi waliamini walikwisha kutoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini 1938. Wavuvi wa Tanga walianza kuwanasa kwenye majarife ya papa miaka ya 2000, na 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Mtoto wa Makorora angesoma kitabu hicho mpaka jalada lichomoke. Tunao sungura na fisi wa kutosha kwa sasa, mwandishi mmoja na aende Kigombe na Mwarongo akaongee na wavuvi. Mpaka hapo, kwa Idi tumia kamusi ya picha, atlasi ya shule, na magazeti: kipande kimoja cha habari za bandari au treni kikisomwa na baba kwa sauti, kinahesabika kuwa kusoma pamoja.

Pa kuvipata. Kabla ya duka, nenda Maktaba ya Mkoa pale mjini, lile jengo la miaka ya 1950 lililopewa jina la Mfalme George wa Sita. Iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Uliza mapokezi taratibu za watoto na za kuazima. Nenda nao wote watatu Jumamosi asubuhi, wachague wenyewe, na usiwapokonye wakichagua kibaya. Kitabu kibaya kilichoazimwa ni somo la bure. Kile watakachokiomba tena baada ya kukirudisha, hicho ndicho cha kununua.

Dukani fungua ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, ule wenye maandishi madogo. Pawe na jina la mchapishaji, mwaka, na ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Namba ikianza na 978-9976 au 978-9987, mchapishaji ni wa Tanzania. 978-9966 ni wa Kenya. Ukurasa huo ukiwa haupo kabisa, picha zimefifia na maandishi yamekatika pembeni, umeshika nakala ya kuibia, iache. Wachapishaji Mkuki na Nyota na E&D Vision wa Dar es Salaam wana vitabu vya watoto vya Kiswahili vyenye mkono wa mhariri; na vile vilivyopitia Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, bado vinapatikana kwenye maktaba za shule, mara nyingine vikiwa havijafunguliwa. Muulize mwalimu wa Idi. Kama kabati lina kufuli, muulize kwa upole ufunguo anao nani.

Simu msiifukuze kabisa. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi za Kiswahili za kupakua bure na ruhusa ya kuzichapa kwenye karatasi. Zimeandikwa na watu wengi wa kila namna, kwa hiyo kile kipimo cha kusoma kwa sauti kitumike bila huruma. Utaacha kadhaa kabla ya kupata moja tamu. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ni ya bure, ila humo utakuta zaidi vitabu vya kiada, si vya kuchekea usiku.

Muda? Robo saa, baada ya Isha, kabla ya kulala. Siku nne kwa wiki zikiwa za uhakika ni bora kuliko saba za kuahidiana. Umeme ukikatika, ni zamu ya bibi.

Sasa hizo elfu arobaini nizigawe. Kimoja cha Rehema, kifupi, chenye ule mstari unaojirudia. Hiki ndicho kitakachosomwa mara nyingi kuliko vyote, kwa hiyo ndicho usikibanie. Kimoja cha Idi kukusomea, chenye vitenzi vifupi, cha bei ndogo kwa sababu atakimaliza katika wiki chache na kukidharau, na ndivyo inavyotakiwa. Cha tatu kiwe cha sura nyingi kwa wote, kwa ajili ya Zuhura hasa, akisome kwa zamu na wewe, ukurasa wako, ukurasa wake. Kitakachobaki nunua daftari kubwa, karatasi na gundi ya utepe ya kufungia migongo ya vitabu. Vile vinane vya Kange usivitupe. Kata picha zake, wape Idi na bibi watungie ngano.

La mwisho ni hewa ya kwenu. Bahari inakula vitabu. Pini zinashika kutu, kutu inakula karatasi, kurasa za kati zinachomoka kwanza. Kikiwa kipya, kipitishie uzi imara kwenye mkunjo juu ya zile pini. Vitabu visimame, visigusane na ukuta unaotoa unyevu, wala visifungiwe sandukuni na nguo. Viwe kwenye rafu wazi, kimo cha Rehema. Atavichana viwili vitatu. Utepe si tumeshanunua.